Mnunuzi wa Jina la Nyota Njema

Nakumbuka asubuhi moja Temeke, mjukuu wangu Rukia, bati lenye jina la mgahawa wetu likiwa limeegemezwa ukutani uani kwa shangazi yangu, nami nimeketi mbele yake kama mfiwa. Jana nilikusikia ukifoka kwenye simu na yule bwana anayetaka umuuzie jina la tovuti. Kakwambia ni herufi tu, si ndiyo? Basi kaa hapa. Bibi yako hajui hata kuiwasha hiyo kompyuta, lakini jina aliwahi kuuza.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipochipuka kila kona, mie na babu yako tulikuwa na mgahawa wa chai na vitumbua, tukauita Nyota Njema. Watu waliuzoea hadi kituo cha basi nacho kikaitwa hivyo hivyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lile jina tulilikandia unga alfajiri, mwaka baada ya mwaka. Kisha babu yako akafariki, na mwenye nyumba akaitaka nyumba yake amkalishe mwanawe aliyeoa. Nikabaki na watoto na bati. Nilitaka kuliuza jina nipate cherehani, nianze ushonaji. Nisingeipata, ingebidi niwapeleke watoto Kilwa wakalelewe na wakwe zangu, na hilo sikutaka hata kulifikiria.

Mnunuzi akajitokeza, Bwana Shabani, aliyekuwa akijenga hoteli ya chakula palepale kituoni. Mtu yule alinichosha, Mungu anisamehe. Leo anakubali bei, kesho anaikana. Akija analigonga bati kwa kidole na kusema lina kutu. Asubuhi ile ndipo alipovuka mpaka.

"Jina ni upepo, dada. Mie naweza kuandika Nyota Njema ukutani kwangu kesho, nani atanizuia?"

Nikainuka. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni siwezi kukutajia, wewe bado mdogo. Shangazi, Bi Kiboga, mwanamke wa Mzizima hasa, mji huu ulivyoitwa zamani, akanishika khanga kwa nyuma akanivuta chini.

"Kaa. Mgeni hajanywa hata kahawa, we ushataka kumtoa mbio?"

Akammiminia kahawa, akamsogezea kashata. Kuhusu bei hakusema kitu. Akamuuliza habari za watoto, za mafundi, za saruji ilivyoadimika. Bwana Shabani alipomaliza kikombe cha pili, shangazi akamwambia kwa upole, "Andika, baba, ukuta ni wako. Ila watu watauliza Mama Rehema huyu yuko wapi. Sasa niambie mie mama yako, unaogopa nini?"

Yule bwana akakiweka kikombe chini. Halafu akasema kwamba zamani alinunua bucha huko Pugu, na jina lake, na mwezi haukuisha kabla muuzaji hajafungua nyingine upande wa pili wa barabara. Wateja wote wakavuka.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Muda wote ule nilidhani ananidharau, kumbe ananiogopa, mie mjane mwenye bati. Nilimwonea huruma, na hasira zikaniishia palepale.

Shangazi akamwahidi kwamba siku ya kufungua nitasimama mlangoni kwake, nikaange vitumbua vya kwanza, niwaambie majirani kwa kinywa changu kuwa Nyota Njema sasa ni ya Bwana Shabani. Bei akaitaja mara moja tu. Bwana Shabani hakuipunguza hata kidogo.

Nikasimama mlangoni kama tulivyoahidi. Nilisema, na majirani wakapiga vigelegele. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye cherehani yangu mpya, nikamsikia konda wa basi akiita, "Nyota Njema wapo?" Nikajua anawaita wateja wa mtu mwingine. Nililia, mwanangu. Kisha nikafuta macho nikaendelea, maana niliyokuwa nashona ni sare ya shule ya mama yako.

Kwa hiyo, Rukia, huyo mnunuzi wako asikupandishe presha. Kizuri chajiuza, na anayekitukana kisha akarudi amekwishakipenda. Mjibu kwa adabu, hata kwa hayo maandishi yenu ya simu. Taja bei yako mara moja, usiirudierudie. Muulize anaogopa nini, kwa sababu huko kwenu mtandaoni hata sura yako haioni, na pengine alishalizwa na mwingine. Akitaka mtu wa kati ashike fedha hadi jina limfikie, mkubalie. Na ukishauza umeuza, usiende kufungua nyingine ng'ambo ya barabara kama yule wa bucha.

Mungu akupe kauli njema na mkono mwepesi wa kuachia, na kila ulichokiachia kwa haki akirudishe kwako kwa mlango usioutazamia. Haya, mpigie sasa. Na mimi nikusikie.