Kurasa Zinafuatana

Kwa miaka ishirini na tisa, mama wa masjala hakusoma karatasi hata moja ya wizara. Alizihesabu. Barua ikiingia aliipokea dirishani, akaigonga muhuri, akaitoboa tundu mbili, akaipachika kwenye jalada lake, kisha kwenye pembe ya juu akaiandikia namba kwa penseli nyekundu. Basi. Yaliyoandikwa ndani yalikuwa ya wenye ofisi za mazulia. "Masjala hatusomi, tunahesabu," aliwaambia makarani wote waliopita mikononi mwake. Wengine sasa ni mabosi, na bado wanamwita Mama Jalada, naye anaitika bila kinyongo.

Kuhesabu kulimkaa mwilini kama ugonjwa. Alihesabu ngazi, vifungo vya mashati ya watu, hata chafya za mlinzi wa getini. Jalada likitoka chumbani mwake alihesabu kurasa zake na kuandika idadi kwenye daftari la mwendo. Likirudi, alihesabu tena na kuandika tena. Hakuna aliyemtuma, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kulifungua daftari hilo. Nadhani wakubwa hawakujua hata kama lipo.

Jumatatu mkurugenzi alishuka masjala mwenyewe, kwa miguu yake. Tangu ateuliwe, miaka minne, hakuwahi kukanyaga pale. Mama Jalada alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Kaa, mama, kaa," mkurugenzi alisema. Mkononi alikuwa na jalada la jengo la soko, alilokuwa amelikalia wiki mbili nzima. "Hili linakwenda bungeni kesho, kamati wanalitaka. Sasa nataka kurasa zifuatane. Wale wakiona namba imeruka, wataanza maneno."

Mama Jalada akalifungua. Thelathini na tisa, arobaini, arobaini na nane.

"Na hizi saba hapa katikati, bosi?"

"Rasimu hizo. Rasimu haziendi bungeni. Wewe panga tu, mama, hakuna mkono safi kama wako wizara nzima."

Alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akayapokea. Utaratibu alikuwa akiufundisha mwenyewe: ukurasa ukitolewa, mahali pake unaweka kipande cha karatasi kinachosema nani kautoa na lini. Siku hiyo hakuweka. Alichukua kifutio, akafuta namba kwenye kurasa arobaini na sita, mmoja mmoja, akaandika upya: arobaini na moja, arobaini na mbili, mpaka themanini na sita. Na tusimpambe, aliona fahari. Alipomaliza alilipigapiga jalada mezani, kingo zikakaa sawa, akalitazama kwa raha kabisa.

Jumanne jalada likaondoka. Mchana, kwa uzembe wa kawaida wa ghorofa za juu, ndipo barua ya bunge iliyoliita ikateremshwa masjala ili ihifadhiwe. Aliigonga muhuri. Akaitoboa. Penseli ilikuwa imeshafika kwenye pembe pale jicho lake lilipoteleza, likasoma. Kamati ilitaka jalada lote la jengo la soko, kama lilivyo, bila kuondoa, kuongeza wala kupanga upya.

Kupanga upya. Aliyasoma maneno hayo mara tatu, kidole kikifuata kila herufi.

Kuanzia hapo hakutulia. Alikaa akasimama, akamwaga chai, akatafuta miwani iliyokuwa usoni. Ilipogonga saa ya kutoka hakwenda nyumbani. Miguu ilimpeleka sokoni, kwenye jengo lile lile la jalada, ghorofa ya pili, ambako mdogo wake ni fundi cherehani.

"Dada! Leo umepotea njia?"

"Nimepita tu."

"Wewe hupitagi tu. Kaa hapo, usikalie suruali ya mtu."

Ukutani, nyuma ya cherehani, kilining'inia kitambaa cha maua ambacho hakikuwa pazia wala mali ya mteja. Mama Jalada akauliza cha nini.

"Cha kuficha aibu," mdogo wake akacheka, akakifunua. Ufa ulianzia sakafuni, ukapanda ukipindapinda hadi juu ya dirisha. "Mwaka jana ulikuwa unaingia ukucha. Sasa tazama." Akaingiza kidole cha shahada, kikazama chote. "Mhandisi wa serikali alikuja, akapimapima siku tatu, akaandika weee. Tangu hapo kimya. Sasa kama ni kubaya, si wangetuambia?"

Macho ya Mama Jalada yalikuwa yameanza kuhesabu yenyewe: cherehani thelathini na nne ghorofa ile, na kwa kila cherehani mtu aliyeinama. Kurasa zile saba, alizozipokea dirishani kwa mhandisi huyo huyo, zilipita mikononi mwake, akazitoboa, akazipa namba, akazilaza kifudifudi. Zilisema nini? Hakuwa na habari. Aliona aibu kali, ya kumchoma masikio, na akaaga kabla hajaulizwa ana nini.

Jumatano mkurugenzi akamwita ghorofani. Kamati ilitaka pia mtunza majalada afike kesho yake kuthibitisha.

"Ni kawaida yao, usipate presha," alisema. "Wakikuuliza, jibu lako moja: zinafuatana. Ni uongo huo? Si zinafuatana?"

"Zinafuatana, bosi."

"Umebakiza mwaka mmoja ustaafu, mama. Usijitafutie makubwa uzeeni."

Akashuka zile ngazi na, kwa mara ya kwanza, akapoteza hesabu katikati.

Chumba cha kamati hakikuwa cha kutisha kama alivyodhani. Meza ndefu, vikombe, kipaza sauti kilichokohoa kila kilipowashwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini. Mkurugenzi alikaa kiti cha nyuma ya Mama Jalada hasa, karibu kiasi cha kumsikia akipumua. Mama Jalada alikumbatia mkoba wake, na ndani ya mkoba lilikuwamo daftari la mwendo. Alikuwa amelichukua asubuhi bila kujiambia kwa nini.

"Mama, hili jalada limekamilika?" mwenyekiti aliuliza.

"Zinafuatana, Mheshimiwa."

"Ahsante. Unaweza kwenda."

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Mwenyekiti alishageukia karatasi nyingine, mkurugenzi nyuma akashusha pumzi, na Mama Jalada akainuka. Alipiga hatua moja, mbili, tatu. Hatua ya nne ikamshinda. Kidole cha mdogo wake, kilivyozama ukutani, kilikuwa hakijamtoka machoni tangu juzi.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nilichojibu sicho ulichoniuliza."

Watu wakatoa macho.

"Umeniuliza kama limekamilika. Mimi nimejibu zinafuatana. Zinafuatana kwa sababu nimezifuatanisha. Hebu ushike ukurasa wa arobaini na moja, uuelekeze dirishani. Penseli nyekundu haifutiki vizuri."

Mwenyekiti akauinua ukurasa kwenye mwanga, akavua miwani, akaivaa tena. Chini ya arobaini na moja, hafifu, ilionekana arobaini na nane.

"Nani kafuta?"

"Mimi." Akashika ukingo wa meza. "Kwa mkono wangu."

"Na zilizokuwapo hapa katikati?"

"Kurasa saba, Mheshimiwa, zilizoletwa na mhandisi wa serikali." Akafungua mkoba, akaweka daftari mezani, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye mstari. Jalada lilitoka kwenda ofisi ya mkurugenzi na kurasa tisini na tatu. Lilirudi na themanini na sita. Tarehe zilikuwapo, na sahihi ya katibu muhtasi wake ilikuwapo, mara mbili.

"Mheshimiwa mwenyekiti, zile ni rasimu tu," mkurugenzi akaingilia, ameshasimama. "Hazina uzito wowote."

"Uzito wake tutaupima sisi," mwenyekiti alisema bila kupandisha sauti. "Tuliita jalada lote kama lilivyo. Kurasa saba ziwe hapa kesho saa nne asubuhi, na mhandisi aliyeziandika aje na nakala yake. Usipozileta, utakuja kutueleza kwa kiapo." Kisha akamgeukia Mama Jalada. "Na wewe mama, kufuta ni kosa. Nalo litaandikwa."

"Liandikwe, Mheshimiwa."

Daftari likabaki kwa kamati. Ukumbini mkurugenzi alimfikia, hakumwita mama tena. Alinyoosha mkono tu.

"Funguo."

Mama Jalada akazitoa, akazihesabu, nne, akamkabidhi. Kifuani aliona uchungu wa miaka ishirini na tisa ukimpanda mara moja. Hakulia. Hapakuwa na nafasi ya kulia. Alishuka mbio hadi nje ya geti la bunge, akatoa simu, akampigia mdogo wake. Upande wa pili cherehani ziliunguruma zote kwa pamoja.

"Funga duka. Toka humo sasa hivi."

"Dada, kuna nini? Nina gauni la watu hapa, linatakiwa mchana."

"Kuna ripoti ya jengo lenu. Waliificha. Kesho inapelekwa bungeni."

"Kwani ilisema nini?"

"Sijui."

"Hujui! Hujui, halafu unanifungisha duka?"

"Sijui kwa sababu ilipita mikononi mwangu, kurasa saba, nikazihesabu, sikusoma hata neno. Toka, mdogo wangu. Watoe na wenzako wote thelathini na tatu. Kesho nitakwenda kukaa pale nje ya mlango wa kamati mpaka nizipate, na nitakusomea mwenyewe, mstari kwa mstari."