Mtumwa Aliyesafiri Ndani ya Sanduku

Jamani, leo saluni nzima hapa mtaani Hillbrow, huku kusini mwa Afrika, tumemlilia Mmarekani aliyekufa zamani.

Mwalimu Neema, Mtanzania mwenzangu anayefundisha historia ya Marekani, alikuwa anasukwa. Akatuhadithia mtumwa wa Virginia aliyejifungia kwenye sanduku la mbao, akatumwa kama mzigo mpaka Philadelphia, kwenye uhuru.

Njiani wabebaji wakaligeuza. Akakaa kichwa chini, miguu juu, na hakuthubutu hata kukohoa.

"Eish, hiyo umetunga!" nikasema.

"Nimesoma masimulizi yake mwenyewe. Walipomfungulia, aliimba zaburi."

Tukapiga makofi.

Mama Furaha, Mkongo mwenye saluni, hakupiga. Vidole vyake vilikuwa vimesimama kwenye nywele za Mwalimu.

"Na bibi yake? Na batoto?"

"Mke na watoto walikuwa wameshauzwa mbali, dada. Hakuishi nao tena."

Mama Furaha akaanza kulia. Mimi nikajifanya natafuta chanuo.

Mwalimu akainuka, kichwa nusu kimesukwa, akamshika mkono. "Furaha yuko wapi?"

Miaka yote tunamwita Mama Furaha, hakuna aliyewahi kuuliza!

"Lubumbashi, kwa mama yangu. Miye nilikuja chini ya magunia, ndani ya lori. Hajui."

"Mwambie. Ni historia yake."

Akapiga simu pale pale. Akamsimulia binti yake yote, simu ikiwa kwenye spika. Mwisho tukasikia sauti ya msichana: "Mama, endelea."

Huyo ndiye Mwalimu Neema wetu. Wa kwenu ni nani? Mtajeni hapa.