Pesa za Pamba Ndani ya Godoro

Baba alitembea siku tatu kutoka Wamaza kuniletea pesa za mwaka mzima, alizopata kwa kuuza pamba. Mimi nilikuwa nasomea ualimu kwa mapadri, Kasongo. "Hii iko ya sabuni, chumvi na makaratasi," akasema. "Uichunge, mwanangu."

Sheria ilitaka pesa zote zikae kwa padri mkuu. Ukihitaji faranga moja, unapanga mstari Jumamosi na kueleza kwa Kifaransa unaitakia nini. Nilijiona mjanja. Nikafumua mshono wa godoro langu la majani makavu, nikazisokomeza noti zote humo.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Darasani akili ilikuwa kitandani. Nikilala najigeuza, naingiza kidole kuzipapasa, najigeuza tena. Hata sabuni sikununua, kwa kuogopa kufumua mshono mbele ya watu. Mwenye pesa ndiye aliyekuwa mchafu kuliko wote!

Wenzangu waliona ninavyohangaika, wakadhani ni kunguni. Siku ya zamu yangu ya kuchota maji, jirani yangu wa kitanda akamweleza padri. Niliporudi na ndoo kichwani, nikaona moshi nyuma ya bweni.

"Ufurahi, ndugu," jirani akaniambia. "Leo utalala. Tumechoma majani yote ya godoro yako, na kunguni zake."

Nilitamani kumpiga, lakini kosa lake lipi? Nikamwambia asante, nikaenda kulia chooni.

Mwaka ule niliwafulia wenzangu nguo, wakinilipa vipande vya sabuni na chumvi kidogo. Likizo ilipofika nikarudi nyumbani, na baba akauliza kama pesa zilitosha.

"Zilitosha, baba." Uongo ulinitoka upesi hata mimi nikashangaa.

Alifurahi mno. Akaingia ndani, akatoka na faranga za kodi, yake na ya kaka yake mgonjwa. Asiyelipa alifungwa, kila mtu alijua hilo.

"Mimi, bandugu watanimaliza na kuomba," akasema. "Wewe unajua kuchunga. Ukae nazo mpaka mutu wa kodi afike."

Nilitaka kusema ukweli, hata mdomo nikaufungua. Baba akanitia pesa kiganjani, akanifumba vidole kimoja kimoja, kisha akachukua jembe na kwenda shambani akipiga mluzi.