Mudathir, Mkaguzi wa Sekunde wa Kinondoni

Saa nne asubuhi, Mudathir Marijani amechuchumaa mbele ya televisheni, kidole kwenye kitufe cha deki. Anasimamisha picha ya gemu, anairudisha nyuma, anaitazama tena. Nyuma yake Felicitas, msusi wa saluni ya jirani, ameshika kiuno.

"Bado," anasema Mudathir. "Hapa ukutani umepoteza muda."

Hiyo ndiyo kazi yake katika banda hili la gemu, Kinondoni, tangu mwaka 1995. Wateja humletea kaseti za video za michezo waliyocheza kwa pedi ya kuchezea yenye kitufe cha polepole, kinachopunguza kasi ya gemu na kuwapa nafasi ya kupanga kila hatua. Yeye husoma saa iliyomo ndani ya gemu, ambayo polepole hiyo haiidanganyi.

Kuvunja rekodi peke yake hakutoshi. "Mwenye pedi ile hana kisingizio cha mkono kuteleza," anasema. "Lazima aikamue gemu mpaka basi. Ikibaki sekunde ya kuokoa, jina haliandikwi ubaoni."

Jicho hilo alilipata kiwandani, alikokagua kanga kwa miaka tisa. Mwaka 1993 walipunguzwa wafanyakazi mia mbili, naye akiwamo. Alikaa nyumbani miezi kumi na minne, mkewe Salma akiwalisha kwa kuuza vitumbua, hadi mwenye banda alipomwita afagie na kuwasha mitambo. Kuhukumu kulianzia kwenye ubishi wa wateja tu, nani kamaliza gemu haraka zaidi.

Mwaka jana aliipitisha haraka kaseti ya rafiki yake, Badru. Wiki moja baadaye mtu akaonyesha njia fupi zaidi, kwa sekunde nne.

"Niliona aibu. Jina nikalifuta mwenyewe."

Felicitas, aliyeihangaikia kaseti yake miezi mitatu, haondoki. "Kaka Mudathir, kama njia ipo, nionyeshe."

Mudathir anachukua pedi. Anajaribu kupita chini ya ukuta. Ndege anamgonga mchezaji wake. Anarudia, ndege. Mara ya kumi na moja, ndege yuleyule.

Anaiweka pedi chini. "Mie ndiye niliyekosea. Njia haipo."

Anachukua chaki na kuandika jina la Felicitas juu kabisa. Kigelegele anachopiga Felicitas kinawatoa wateja wake saluni, nywele nusu zimesukwa.

Mwezi ujao banda linafungua tawi Temeke, na huko atahitajika mkaguzi. Mudathir tayari amempendekeza Felicitas kwa bosi.

"Jicho analo," anasema huku akitabasamu. "Halafu mie nilikuwa nakosa mtu wa kunibishia."