Konzi Moja ya Wimbi

Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwanza kwamba mahindi ya mbegu kutoka Kitale yamefika katika ghala la Bungoma, tugawiwe sisi ambao ukame ulituunguzia mashamba. Nilikwenda na mtoto mgongoni. Mbele yangu, mama mmoja wa Bokoli aliziba mdomo wa gunia lake kwa kiganja, karani asimpimie.

"Wimbi hakuna?"

"Wimbi ni ya kuku, mama."

"Mwanangu, mahindi inakunywa maji kama ng'ombe. Wimbi inaramba tu. Mto ukikauka tena, watoto wangu watakula karatasi yako?"

Tulicheka, hata karani. Yule mama hakucheka. Alitoa kibuyu kilichokuwa cheusi kwa moshi wa jikoni. "Njaa ilitukaba, lakini hii sikusaga." Kisha akanigeukia, akanimiminia konzi moja ya wimbi katika leso. "Panda. Usipike."

Karani alikuwa na mizani na muhuri, lakini mimi niliamini kile kibuyu.

Kesho yake asubuhi mtoto alililia uji. Nilimchemshia kiazi, nikachukua jembe, nikaenda kupanda.