Kichwa Kilichosukwa Nusu

Msusi huyu hubana kitana kwa meno, na akisikia neno lisilo na kichwa wala miguu hukitema. Vidole vyake vimekakamaa, na hasira ikimpanda huvuta nywele mpaka macho yakutoke. Wateja humwita Kwa Hiyo, maana ndilo swali lake.

Leo dada mmoja, upande wa kushoto wa kichwa umeshasukwa, alikuwa akisimulia huku anacheka: asubuhi wamemfungisha wifi yao virago arudi kwao, maana tangu aolewe, mama anaumwa miguu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ana mkosi, shoga! Kaja yeye, yakaja maradhi."

"Kabla hajaja, mama alikuwa anatembeaje?"

"Kwa mkongojo, lakini..."

"Lakini nini? Mkongojo ulikuwa wa urembo?"

Kitana kikaanguka sakafuni.

"Na jua likiwaka sana mtwisheni lawama yeye pia! Mnamfukuza mtoto wa watu kwa ugonjwa aliokuta umeshakaa sebuleni!" Wanawake waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi wakaacha kuchekelea. Msusi akamvua dada taulo mabegani kama anayemenya ndizi. "Yuko wapi sasa?"

"Stendi, anangoja basi."

"Mfuate. Ukirudi naye, nitamalizia upande wa kulia."

Dada akajitazama kwenye kioo: nusu misuko, nusu kichaka. Akatafuta mtandio wake ajifunike. Msusi alikuwa ameukalia, na hakuonyesha dalili ya kuinuka. Dada akatoka mbio hivyo hivyo, kichwa wazi, kuelekea stendi.