Kitabu cha Misuli cha Mjomba

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na mwili wa miaka kumi na miwili. Nilikuwa nikichuma kahawa Ruiru pamoja na wanawake na watoto, na wote walinishinda. Nilichotaka ni kazi ya ukuli katika godauni la kahawa Thika, ambako wanaume walitembea vifua wazi na magunia mabegani, na wasichana walipita hapo polepole kuliko ilivyohitajika. Sitasema uongo kwamba nilitaka kumsaidia mama. Nilitaka kutazamwa.

Mtihani wa kuajiriwa ulikuwa mmoja tu. Unabandikwa gunia, unapanda nalo kwenye ubao mpaka juu ya rundo, unalitua, unashuka. Mimi nilifika katikati ya ubao, magoti yakanigomea, nikaketi na gunia mapajani mbele ya makuli wote. Kwa kuwa nilikuwa nimeziba njia, walisimama wakangoja tuteremshwe, gunia kwanza, mimi baadaye. Nyapara hata hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

“Kijana,” aliniambia, “rudi msimu mwingine, ukishakula.”

Nilienda moja kwa moja kwa mjomba wangu, ndugu yake mama, aliyekuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko huko Thika. Kwa mambo ya kula sikumjua mtaalamu mwingine, na tumbo lake lilitosha kuwa cheti. Bahati yangu, mtoto wa huyo Mzungu alikuwa ametupa kitabu cha kujenga misuli na mjomba akakiokota. Hakujua kusoma Kiingereza, lakini alisema picha zinajieleza. Jamaa wa kwenye picha alikuwa amepakwa mafuta mwili mzima na amevaa kitu ambacho kwetu hata mtoto mchanga asingekubali kiitwe nguo. Mjomba aliangalia picha hizo kwa makini, akapitisha hukumu: mayai mabichi sita kila asubuhi, maziwa, maini, na kunyanyua vyuma mara mbili kwa siku.

Vyuma sikuwa navyo. Nilijaza mawe ndani ya madebe mawili, nikayaunganisha kwa kipande cha bomba, nikawa nanyanyua mbele ya nyumba nikiwa kifua wazi, uso ukielekea njiani kusudi. Kuhusu mayai, wakati huo kwetu mwanamume mzima kula mayai ilikuwa aibu, kwa hiyo niliyanywa nyuma ya choo. Lilikuwa chaguo zuri la mahali, maana baada ya siku tatu sikuhitaji kutembea mbali.

Mama aliniona nikikonda badala ya kunenepa, akaniondolea mayai bila majadiliano. Akaweka njahi jikoni, yale maharagwe meusi anayopikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua ili apate nguvu na maziwa, pamoja na uji mzito wa mtama. Nilimwambia sijajifungua. Akasema mwanamke aliyejifungua jana ana nguvu kunishinda, kwa hiyo nile. Siku ya pili majirani waliona njahi na uji vikipikwa mfululizo, na baba hakuwepo nyumbani kwa muda mrefu, basi wakaja wanne na mizigo ya kuni, kama ilivyo desturi, nyuso zimejaa maswali, wakaomba kumwona mtoto. Mama alinyoosha kidole kwangu. Nilikuwa nimeketi na bakuli, midevu mitatu kidevuni. Walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya kuni zake, lakini kuni waliziacha.

Nilinenepa kidogo. Ila asubuhi moja mama alikuwa anafagia, na yale madebe yangu, ambayo mimi nilikuwa nayanyanyua kwa kelele na kuomba Mungu, yalikuwa njiani mwake. Aliinama, akayashika kwa mkono mmoja katikati ya bomba, akayaweka kando, akaendelea kufagia. Nadhani hakujua kwamba amefanya jambo. Kisha akaniambia kwamba ninajenga mikono, na gunia halibebwi na mikono.

Kesho yake alinipeleka mtoni. Alinifunga pipa la maji mgongoni kwa ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wetu hupitisha kwenye paji la uso. Nilikataa. Mwanamume alibeba begani, na mwanamume aliyeonekana na mkanda kichwani angesimuliwa mpaka siku ya mazishi yake. Mama hakubishana. Alisema tu, “Basi beba aibu yako begani nione utafika wapi.”

Nikaukubali mkanda, tukawa tunaenda mapema, ukungu ukiwa bado mtoni, kabla watu hawajatoka. Alitembea mbele na pipa kubwa kuliko langu, akizungumza wakati mimi nikitafuta pumzi. Inama, mzigo ukae juu ya mgongo. Hatua fupi. Usisimame katikati ya mlima, kwa sababu mzigo huongezeka ukisimama. Niliona kovu la mkanda kwenye paji la uso wake, bonde dogo ambalo nilidhani alizaliwa nalo. Nilimwonea huruma, kisha tukafika mlimani nikajionea huruma mimi.

Msimu ulipoanza nilirudi Thika. Mkanda niliuacha nyumbani, lakini nilipobandikwa gunia sikuliweka begani kama makuli wengine. Niliinama, nikalilaza mgongoni, nikapanda kwa hatua fupi, macho kwenye ubao, na katikati sikusimama. Nililitua. Nikaletewa la pili, na la tatu, na kicheko kilichokuwa kimeanza kikakosa wenyewe.

Nyapara akasema mbele ya wote, “Huyu anajua kubeba. Nani alikufundisha?”

“Mjomba,” nilisema. “Ana kitabu cha Wazungu.”

Jibu lilitoka upesi, kabla sijalifikiria. Makuli walitikisa vichwa kwa heshima. Kufikia mwisho wa mwezi mjomba alikuwa akinunuliwa pombe na watu waliotaka kuona picha, na alianza kuvaa shati lililobana.

Mama alizisikia habari hizo mtoni, kutoka kwa wanawake wale wale walioleta kuni. Jumamosi niliporudi nyumbani na nyama alinipokea vizuri, akapika, akanipakulia mnofu mkubwa. Alingoja nimeze tonge la kwanza, kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Huyo mjomba wako, alikuwa anakuamsha saa ngapi?”

Yeye alichukua pipa na mkanda wake, akatoka kwenda kuchota maji, na mimi, kuli wa Thika, nilibaki nimeketi.